Ungo wa Majivu

Jumatano, tarehe 6 Machi 1957, saa nne asubuhi, mtumbwi wa wachanjaji ulifika Idete. Kijijini hapakuwa na watu. Milango ilikuwa imefungwa kwa kamba. Kuku walikuwa wakiparura uani. Mbele ya nyumba moja alikaa Bibi Eufrasia, mwanamke mzee ambaye miguu yake ilikuwa imevimba.

Mkubwa wa wachanjaji aliitwa Teofili. Alimwamkia bibi, kisha akauliza watu wako wapi.

"Wamekwenda Ifakara kuchanjwa," alisema Bibi Eufrasia.

"Kuchanjwa na nani?"

"Na nyinyi."

Teofili alilitazama sanduku lake. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kuchanjia ndui. Dawa hiyo haivumilii joto. Ikikaa juani siku moja inaharibika, na mtu akichanjwa nayo ni sawa na kuchanjwa kwa maji. Alimchanja Bibi Eufrasia. Akasubiri mpaka saa nane. Hakuja mtu mwingine. Wachanjaji wakapanda mtumbwi, wakateremka na mto kurudi Kivukoni, penye kivuko cha Ifakara. Dawa iliyobaki iliharibika, ikamwagwa.

Saa hizo watu wa Idete walikuwa njiani, wanatembea ndani ya maji ya masika. Walikuwa mia moja na arobaini, wakubwa na wadogo. Wanawake walibeba watoto mgongoni. Walikuwa na haraka, kwa sababu ndui ilikuwa imeonekana katika kijiji kimoja upande wa juu wa mto. Mbele yao alitangulia Dionisi, na kitabu chake cha sala kikiwa kwapani. Ndani ya kitabu alikuwa amekunja karatasi ya tangazo.

Dionisi alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita. Alilima mpunga, na alichonga mitumbwi. Siku za Jumapili, padri asipofika, yeye ndiye aliyewaongoza watu kwenye sala katika kigango, yaani kanisa dogo la kijiji. Alisimama mbele, akafungua kitabu, akasoma kwa sauti nzito. Hakukosea hata neno. Ukurasa ulipokwisha, aliufunua mwingine.

Jambo moja watu hawakulijua. Dionisi hakujua kusoma.

Sala zote zilikuwa kichwani mwake. Alipokuwa kijana, mwalimu wa dini alisema mstari, na vijana waliitikia. Walifanya hivyo miaka miwili. Walipobatizwa watu walisema, "Vijana hawa wamesoma." Kusoma, kwa watu wa wakati ule, kulikuwa ndiko huko: kufundishwa dini na kubatizwa. Kitabu alipewa baadaye. Kurasa zake alizijua kwa madoa. Penye doa la mafuta palikuwa na Baba Yetu. Penye kona iliyoliwa na panya palikuwa na Litania, sala ndefu ya kuitikiana.

Jumapili, siku tatu kabla ya safari, tarishi alifika kijijini na karatasi. Jumbe alikuwa amekwenda Mahenge msibani. Tarishi aliwakuta watu wanatoka kwenye sala, akauliza, "Hapa nani amesoma?"

Watu wote walimwonyesha Dionisi.

"Mzee, umesoma?"

"Nimesoma," alijibu Dionisi. Kwa jinsi alivyolielewa neno hilo, hakusema uongo.

"Basi wasomee watu. Ni habari ya chanjo, Jumatano." Tarishi alimpa karatasi, akapanda baiskeli yake, akaenda kijiji cha pili.

Dionisi aliishika karatasi kwa mikono miwili. Haikuwa na doa, wala kona iliyoliwa. Watu walimngoja. Angeweza kusema, "Sijui." Hakusema. Alifikiri upesi. Mwaka uliopita chanjo ilikuwa Ifakara. Tena, Jumatano hii ni Jumatano ya Majivu, na kila mwaka wenye nguvu huenda Ifakara kupakwa majivu ya Kwaresima. Mambo mawili yalilingana. Dionisi alikohoa, akasoma kwa sauti ile ile ya Litania:

"Watu wote wa Idete wanatakiwa kufika Ifakara siku ya Jumatano, ili wachanjwe. Waje na watoto."

Hakuna aliyeuliza neno.

Walifika Ifakara alasiri, miguu imejaa matope. Penye zahanati palikuwa na karani kijana aliyekuwa akifunga mlango.

"Shikamoo, wazee. Mmetoka wapi nyote?"

"Marahaba. Tumetoka Idete," alisema Dionisi. "Tumekuja kwenye chanjo."

"Chanjo ya Idete iko Idete, mzee. Wachanjaji waliondoka jana kwa mtumbwi."

Mama mmoja aliyeitwa Konsolata alisogea mbele. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. "Karatasi ilisema Ifakara," alisema.

"Karatasi hiyo iko wapi?"

Dionisi alifungua kitabu, akaitoa. Karani aliisoma kwa sauti. Ilisema hivi: "Wachanjaji watafika Idete Jumatano, tarehe 6 Machi, asubuhi. Watu wote wabaki kijijini."

"Wabaki," Konsolata alirudia.

"Nani aliwasomea?" aliuliza karani.

Nyuso ziligeuka upande mmoja. Karani alimtazama Dionisi. "Mzee, si umesoma? Hebu soma hapa, neno hili la mwisho."

Dionisi aliona jasho linamtoka kifuani. Macho ya watu mia moja na arobaini yalikuwa juu yake. Alisema neno la kwanza lililomjia.

"Macho, mwanangu. Macho yangu siku hizi hayaoni karibu."

"Pole, mzee," alisema karani. "Tafuta miwani."

Watu wakaona huruma. "Kumbe ni macho," walisema. Jioni ile walipakwa majivu kanisani. Dionisi naye alipakwa. Wakalala kwa jamaa zao, na asubuhi wakaanza safari ya kurudi.

Njiani palikuwa na kijito kilichofurika. Juu yake lilikuwa limelazwa gogo la kuvukia. Dionisi alikuwa amelivuka gogo hilo mara mia, hata akiwa na tezo yake ya kuchongea mitumbwi begani na mzigo kichwani. Alipoweka mguu, alisikia mkono unamshika kiwiko.

"Polepole, baba," alisema Konsolata. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake. "Hapa pana fundo la mti. Inua mguu. Sasa weka."

Dionisi aliliona lile fundo. Aliyaona hata maji yaliyokuwa yakizunguka chini yake. Akainua mguu kama kipofu, akauweka. Wakavuka hivyo, hatua kwa hatua, mpaka ng'ambo. Kisha Konsolata alirudi, akamvusha mtoto wake wa pili.

Tangu siku hiyo Dionisi hakula vizuri. Kila alipokaa na watu, mmoja alimwuliza habari za macho. Mwingine alimchukulia mzigo wake. Wazee walisema kwamba tarishi akija tena, Dionisi atasoma, ila kwanza apate miwani. Aliposikia hayo, alikwenda penye mtumbwi aliokuwa akiuchonga, akakaa ndani yake bila kufanya kazi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi, jirani mpya alihamia nyumba ya pili. Aliitwa Balbina. Alikuwa mjane wa miaka thelathini, ametoka upande wa Mahenge. Alikuwa amefunzwa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alitangaza kwamba darasa litakuwa kila alasiri, katika kigango.

Mke wa Dionisi, Justa, alijiandikisha siku ya kwanza.

"Utaacha kupepeta mpunga ili ukaimbe a, e, i?" aliuliza Dionisi.

"Nitapepeta asubuhi," alisema Justa. "Twende wote."

"Mimi nimesoma."

Justa alikuwa akiloweka kambare mkavu kwenye chungu. Hakuinua kichwa. "Baba Rosa," alisema, "miaka ishirini na minne nimekuona unasoma kitabu cha sala. Sijakuona hata siku moja ukisoma maandishi ya kibiriti."

Dionisi alitoka nje. Ndipo alipojua kwamba mkewe alijua, na kwamba alikuwa amenyamaza kwa miaka hiyo yote.

Siku ya pili alikuwa mtoni anachonga. Balbina alikuja kuchota maji. Alipiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Nimeambiwa macho yako yana taabu. Pole sana."

"Ndiyo hivyo."

Balbina aliweka ndoo chini. Akaonyesha ng'ambo ya mto. "Yule mtu anayevua kule ni nani? Mimi ni mgeni, siwajui watu."

"Yule ni Ponsiano," alisema Dionisi. "Si unaona fulana yake imetoboka begani? Ndiyo yake. Na leo amepata, huyo anayemtoa wavuni ni kambare."

Tezo ilibaki hewani.

Balbina akasema kwa sauti ya chini, "Macho yanayoona tundu la fulana ng'ambo ya mto ni mazima, mzee. Lakini nimeambiwa ni vitu vya karibu vinavyokusumbua. Nikuchoree kitu." Alichora kwenye matope, kwa kidole, duara dogo na mstari mfupi. "Unaviona?"

"Naviona," alisema Dionisi, macho chini. Alikuwa amechoka kudanganya.

"Basi si macho. Sitamwambia mtu. Darasa ni saa kumi."

Dionisi alikwenda. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili aweze kutoka. Walikuwa wanafunzi kumi. Ponsiano alimwona, akacheka. "Mzee Dionisi amekuja kutukagua," alisema.

"Nyamaza wewe," alisema Justa. "Utavua herufi kwa mdomo?"

Wiki ile ya kwanza Balbina aliwafundisha kama alivyofundishwa yeye mwenyewe. Aliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu. Alisema, wakaitikia. Dionisi alifurahi. Kazi hiyo aliijua. Siku ya tatu alikuwa anaongoza darasa zima kwa sauti ya Litania. Ijumaa waliimba ba, be, bi, bo, bu, na ma, me, mi, mo, mu, bila kukosea.

Kisha Balbina alifuta ubao. Akaandika silabi moja tu, peke yake: bo.

"Mzee Dionisi, hii ni ipi?"

Dionisi aliitazama. Alianza kuimba kimoyomoyo toka mwanzo, ba, be, bi. Lakini hakujua asimame wapi. "Bu," alisema.

"Ponsiano?"

"Be."

"Justa?"

"Mo," alisema Justa, kisha akajishika mdomo.

Kati ya watu kumi, wawili tu walisema bo. Balbina aliandika jambo hilo katika daftari lake. Hakumgombeza mtu.

Dionisi aliondoka kabla ya wenzake. Njiani Ponsiano alimfikia. "Mzee, hesabu umri wetu," alisema. "Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumekwisha kaushwa na moshi."

Jumamosi na Jumapili Dionisi hakutaka kuonana na mtu. Jumatatu asubuhi Balbina alimkuta mtoni. Alikaa kwenye gogo.

"Mzee, nina swali. Kuchonga mitumbwi ulijifunzaje?"

"Kwa mjomba wangu."

"Alikuimbia? Alisema 'tezo, mti, mtumbwi,' ukaitikia?"

Dionisi alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Majivu. "Hapana. Alichonga mimi nikiangalia. Kisha akanipa tezo, akaenda zake. Aliporudi aliangalia nilipokosea, akasema, 'Hapa umekula sana. Hapa hujafika.' Nikarekebisha."

"Na mtumbwi wako wa kwanza ulielea?"

"Ulizama."

"Nani aliona?"

"Kivukoni kote. Walicheka mpaka jioni."

"Ukaacha kazi?"

"Ningeachaje? Mjomba aliutoa majini, akanionyesha tundu."

"Kumbe njia ya kujifunza unaijua," alisema Balbina. "Mtu anatazama. Anajaribu mwenyewe, bila kushikwa mkono. Anaonyeshwa kosa. Anarekebisha. Kesho anajaribu tena. Kuitikia tu si kujaribu. Ukiitikia, sauti ya jirani inakubeba, nawe unadhani unatembea. Kosa ni langu, nimewafundisha masikio tu wiki nzima. Leo njoo na ungo."

"Ungo wa nini?"

"Na majivu yaliyochekechwa."

Alasiri ile kila mtu alikuja na ungo wenye majivu. Balbina aliandika silabi ubaoni. "Itazameni," alisema. "Itajeni." Wakaitaja. Akaifunika kwa kitambaa. "Sasa iandikeni kwenye majivu, bila kuiona." Wakaandika kwa kidole. Akafunua. "Linganisheni. Aliyekosea asifute kwanza. Aangalie alipokosea." Kisha wakatikisa ungo, majivu yakawa laini, wakaanza tena.

Dionisi aliandika bo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Herufi zake zilikuwa nzuri kuliko za wote.

"Mnaona?" alisema Ponsiano. "Mzee Dionisi ni mtu wa mikono. Mimi ni mtu wa sikio, nikisikia wimbo mara moja nimeushika. Justa ni mtu wa macho, hapitwi na jambo. Mwalimu, kila mtu mfundishe kwa njia yake."

Watu wengi walikubali. Neno lile lilikuwa tamu.

"Huenda ni kweli," alisema Balbina. "Tusibishane, tupime."

Aliwapa silabi kumi mpya. Tano waliziimba tu, mara ishirini. Tano nyingine walizitaja na kuziandika kwenye majivu bila kuziona. Siku mbili zilipita. Kisha aliwauliza mmoja mmoja, silabi zote kumi, akiwa amezichanganya.

Matokeo yalikuwa haya. Ponsiano, mtu wa sikio, alijua mbili kati ya zile za wimbo, na nne za majivu. Justa alijua moja ya wimbo na tano za majivu. Dionisi alijua mbili na nne. Watu wote kumi walijua za majivu zaidi.

"Basi sikio langu limeniaibisha," alisema Ponsiano.

"Sikio lako ni zima, na wimbo ukitaka kuushika, litumie," alisema Balbina. "Lakini herufi ina umbo na ina sauti. Umbo ni kazi ya jicho, sauti ni kazi ya sikio. Mkono unalilazimisha jicho litazame vizuri. Kwa herufi sote tunahitaji vyote vitatu. Mtu asijifungie katika kiungo kimoja akasema, 'Mimi ndivyo nilivyoumbwa.' Na jambo la pili. Kutazama tena na tena hakutoshi. Funika, ukumbuke mwenyewe. Ukikumbuka kwa taabu, ndipo kinaposhika. Ukikosea, tazama tena. Rudia kesho, rudia kesho kutwa, rudia baada ya wiki."

"Na samaki mkavu je?" aliuliza Ponsiano.

Justa ndiye aliyejibu. "Wewe hupiki, ndiyo maana hujui. Samaki mkavu akilowekwa anakunjika. Ila halowekwi mara moja akalainika."

Wakacheka. Dionisi hakucheka. Siku ile, watu walipoondoka, alibaki.

"Mwalimu, nimejua herufi kumi na moja," alisema. "Lakini jana Konsolata alinitumia mtoto wake anishike mkono kwenda kisimani."

Balbina alikuwa akifuta ubao. "Darasani kosa lako tunaliona, tunalirekebisha. Hilo lingine umelificha. Mimi sijui namna ya kurekebisha kosa lililofichwa. Mjomba wako angeuonaje ule mtumbwi kama ungeufukia?"

Jumapili, tarehe 31 Machi, Dionisi aliongoza sala kama kawaida. Hakushika kitabu. Sala zilipokwisha alibaki amesimama. Akaegemea nguzo.

"Jamaa zangu," alisema, "siku ile Ifakara nilisema macho yangu ni mabovu. Macho yangu ni mazima. Mimi sikujua kusoma. Sala ninazijua kwa kichwa. Ile karatasi sikuisoma, niliibuni. Watoto wenu hawakuchanjwa kwa sababu yangu."

Mtoto mmoja alilia, akanyonyeshwa. Kisha Konsolata alisimama.

"Nilikushika mkono kwenye gogo," alisema.

"Ulinishika."

"Nilikuwa na mtoto mgongoni. Mwingine nilimwacha ng'ambo peke yake, maji yamejaa."

"Najua. Nilikuwa naona."

Konsolata akafunga kanga yake, akatoka nje bila kumuaga. Wengine walimfuata. Wanaume wawili walinong'ona mlangoni. Dionisi alisikia neno "mwongo". Alibaki na Justa peke yake.

"Twende nyumbani," alisema Justa. "Umekwisha sema."

Juma lile hakuna aliyemwuliza habari za macho. Hakuna aliyemchukulia mzigo. Watu walimwamkia kwa kifupi, wakapita. Aibu ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, maana sasa ilikuwa ya wazi. Lakini alasiri alikaa mstari wa mbele, na alipokuwa hajui alisema, "Sijui." Balbina alimsahihisha papo hapo. Jioni alifunika silabi za jana kwa kitambaa, akaziandika juu ya majivu. Silabi zilizomshinda alizichonga kwa kisu kwenye ganda la mti, akazitazama tena baada ya siku tatu. Ilipofika Pasaka, alikuwa anasoma maneno mafupi. Alifungua kitabu chake penye doa la mafuta, akaweka kidole, akasoma "mkate". Akaanza sala toka mwanzo polepole. Lile neno lilikuwa pale pale midomo yake ilipolisema kwa miaka yote, ila hakuwa amepata kuliona.

Jumapili, tarehe 28 Aprili, tarishi alikuja tena na karatasi. Aliwakuta watu mlangoni pa kigango. Jumbe alikuwapo, lakini naye alikuwa mwanafunzi wa darasa la mwanzo.

"Nani amesoma hapa?" aliuliza tarishi.

Watu hawakumwonyesha mtu. Walitazamana. Balbina alikuwapo, lakini hakunyosha mkono.

"Mimi ninajifunza," alisema Dionisi. "Nikikwama nitasema."

"Asome," alisema jumbe. "Na mwingine asome baada yake."

Dionisi aliishika karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Sauti ya Litania hakuitumia. Alisoma kama mtu anayevuka gogo.

"Wa-cha-nja-ji. Wachanjaji. Wa-ta-fi-ka. Watafika. I-de-te. Idete. A-lha..." Alisimama. Aliitazama herufi moja moja. "Alhamisi. Tarehe mbili Mei. Watu wote wa-ba-ki. Wabaki."

Aliendelea mpaka mstari wa mwisho, akasimama tena. Jasho lilimtoka, kama siku ile penye zahanati.

"Neno hili silijui," alisema. "Lina herufi tatu zilizosongamana. Hatujazifikia."

Alimpa Justa karatasi. Justa aliitazama kwa muda mrefu. "Nami silijui," alisema. Akampa Balbina.

"Wachanjwe," alisoma Balbina. "Mengine yote ameyasoma sawasawa."

Konsolata alikuwa amesimama nyuma, na mtoto mgongoni. "Rudia siku," alisema. "Na mahali."

Dionisi alichukua karatasi, akatafuta mstari kwa kidole. "Alhamisi, tarehe mbili Mei. Idete."

"Justa naye asome hapo."

Justa akasoma. Ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa Idete. Konsolata akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Jumbe aliamuru kwamba tangu siku hiyo kila karatasi itasomwa na watu wawili, na asiyejua neno aseme.

Alhamisi, tarehe 2 Mei, saa tatu asubuhi, mtumbwi wa wachanjaji ulifika. Watu walikuwa wamekaa kwa mistari penye kivuli cha kigango. Teofili alifungua sanduku lake, akaanza kazi. Watoto walilia. Wa kwanza kuchanjwa walikuwa watoto wa Konsolata. Mpaka saa saba walikuwa wamechanjwa watu mia moja na hamsini na mmoja.

Dionisi alikuwa wa mwisho. Teofili alimkwaruza begani, kisha akamsogezea daftari na kisanduku cha wino.

"Weka dole gumba hapa, mzee."

"Nitaandika," alisema Dionisi.

Alichukua kalamu, akainama. Ponsiano na Justa walikuwa karibu, na Konsolata alikuwa akimfunga mtoto wake mgongoni. Dionisi aliandika polepole: Dionsi.

Teofili alilitazama jina. "Umeruka i moja, mzee," alisema, mbele ya watu wote.

"Wapi?"

"Hapa."

Dionisi alitazama. Aliliona kosa. Akachukua tena kalamu, akaandika i juu ya mstari, kati ya n na s.